Kupima chumvi na tope katika maji: mwongozo kwa wakazi wa Goma

Chukua chupa mbili za plastiki zisizo na rangi. Moja ijaze maji ya Ziwa Kivu, yaliyotekwa mbali kidogo na ufuo. Ya pili ijaze maji ya mfereji wa barabara mvua kubwa ikiwa bado inanyesha. Zipange mezani, muite jirani, muulize ni ipi iliyobeba vitu vingi. Hatasita hata kidogo. Lakini ukikausha lita moja ya kila chupa na kupima kinachobaki, unaweza kukuta uzito unakaribiana: huku karibu gramu moja, kule karibu gramu moja. Mzigo wa mfereji unaelea na jicho linauona. Mzigo wa ziwa umeyeyuka, na jicho halina habari nao.

Mizigo hiyo miwili hupimwa mbalimbali, na makosa mengi ninayoyaona hapa mjini yanatoka kwa watu wanaoipima kwa chombo kimoja. Vitu vilivyoyeyuka ni chumvi na madini: bikaboneti, magnesi, sodiamu, potasiamu, kalsiamu, kloridi na wenzao. Vinavyoelea ni udongo, mchanga laini, majivu ya volkano, mwani, vipande vya majani. Mpaka kati yao tumeuweka sisi wenyewe kwa chujio. Kinachopita kwenye chujio la nyuzi za kioo lenye matundu yasiyozidi mikromita 2 tunakihesabu kimeyeyuka, kinachobaki juu yake kinaelea. Ukibadilisha chujio, umebadilisha jibu. Vyote viwili huandikwa kwa miligramu kwa lita.

Kuteka maji

Hapa ndipo vipimo vingi vinapofia, kabla hata mizani haijawashwa.

Usiteke pale watu wanapofulia na kujaza bidoni. Ukiingia majini hadi magoti, miguu yako inatifua tope, na tope hilo litakwenda maabara likidai kuwa ni la ziwa. Omba mtumbwi, au simama juu ya jiwe na utumie chupa iliyofungwa kwenye kijiti kirefu. Izamishe kama sentimita 30 chini ya uso, kwa sababu juu kabisa kunaelea povu, mafuta na takataka. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale unayoyapima, ujaze, ufunge ndani ya maji ukiweza.

Bidoni ya njano ya nyumbani haifai kwa kazi hii. Wengi wetu tunaiosha kwa kutia mchanga na kokoto na kuitikisa, jambo zuri kabisa kwa kuondoa utelezi wa ndani, lakini mchanga haumaliziki kutoka. Chupa ya maji ya dukani, iliyosuuzwa, ni bora zaidi.

Andika juu ya chupa mahali, tarehe, saa, na kama mvua imenyesha. Bila habari ya mvua, kipimo cha tope hakina maana. Iweke baridini na gizani, karibu nyuzi 4, na ipimwe siku hiyo hiyo ikiwezekana. Taratibu za maabara huruhusu hadi siku 7, lakini mwani hausubiri ruhusa, unaendelea kukua.

Kipima cha mfukoni chenye herufi TDS

Hiki ndicho kifaa kinachouzwa sana (TDS ni kifupi cha Kiingereza cha jumla ya vitu vilivyoyeyuka): kama kalamu nene, unakichovya, kinaonyesha namba. Ujue kinachofanya. Hakipimi uzito wa kitu chochote. Kinapitisha umeme kidogo kwenye maji na kuona unavyopita, kisha kinazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani, mara nyingi 0.5 au 0.7, na kukuandikia jibu kana kwamba kimepima chumvi. Ndiyo sababu vipima viwili vizima vinaweza kupishana mbele ya kikombe kimoja. Uso wa Ziwa Kivu una upitishaji umeme wa karibu mikrosimensi 1,200 kwa sentimita, au zaidi kidogo. Kipima cha 0.5 kitasema 600, cha 0.7 kitasema 840, na vyote havijakosea hesabu. Kama kifaa chako kina kitufe cha kuonyesha mikrosimensi, soma hiyo, uandike hiyo.

Kukihakiki si kazi. Nunua maji ya betri ya gari, yale matupu yasiyo na asidi (soma vizuri chupa, maana asidi inauzwa kwenye meza hiyo hiyo). Yeyusha gramu 1 ya chumvi ya jikoni katika lita 2 za maji hayo. Upitishaji unapaswa kuwa karibu mikrosimensi 1,000 kwenye nyuzi 25. Kifaa kikisema 500 au 700 kwenye upande wa TDS, umeshajua namba yake ya kuzidishia. Kikisema 300, kisafishe vyuma vyake kwa siki, usuuze, ujaribu tena, na kikiendelea kukaidi kiweke kando.

Joto nalo linaingilia. Kila nyuzi moja inayopanda huongeza upitishaji kwa karibu asilimia 2. Vifaa vingi hujirekebisha vyenyewe hadi nyuzi 25, vya bei ya chini havifanyi hivyo. Maji yaliyokaa juani kwenye sinia na yale yaliyotoka kisimani asubuhi yasipimwe pamoja. Yaache chumbani saa moja yalingane.

Na sasa jambo ambalo kipima hiki hakiwezi: tope. Ukikichovya kwenye maji ya mfereji, meusi kama kahawa, kinaweza kuonyesha 90, kwa sababu punje ya udongo haipitishi umeme kama chumvi. Nimewahi kuona mtu akiinua kifaa kwa furaha akisema maji ya mfereji ni masafi kuliko ya ziwa. Kifaa hakikusema uongo, kiliulizwa swali lisilo lake.

Kuna pia wauzaji wa machujio wanaopita nyumba kwa nyumba na kifaa cha vijiti vinne vya chuma kinachochomekwa kwenye umeme. Nyumbani kwetu alikuja mmoja. Aliweka glasi mbili: moja ya maji yetu, moja ya maji ya chujio lake. Baada ya dakika mbili maji yetu yalikuwa ya kahawia, yana matope yanayoelea, na ya kwake meupe. Mama mkwe alishika mdomo. "Baba, hayo ndiyo tulikuwa tunakunywa?" Hapana, mama. Kutu hiyo ilitoka kwenye vijiti vyenyewe. Maji yenye chumvi hupitisha umeme, na umeme ukipita unakula chuma. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi, basi chuma kinabaki salama. Nilitia chumvi kidogo kwenye glasi yake, nikamwomba arudie. Alikumbuka kwamba ana miadi mahali pengine.

Kupima kwa mizani: vinavyoelea

Kama unaweza kuingia maabara, ya chuo au ya shirika, hii ndiyo njia inayokubalika. Unahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.0001, oveni ya kukaushia, pampu ya kunyonya hewa, faneli ya kuchujia, na desiketa, yaani chombo kinachofungwa chenye jeli ya kunyonya unyevu.

1. Weka chujio la nyuzi za kioo kwenye faneli, lisuuze kwa maji safi ya maabara, likaushe kwenye nyuzi 103 hadi 105 kwa saa moja, lipoe ndani ya desiketa, ulipime. Lishike kwa koleo ndogo. Jasho la kidole lina uzito, na hapa tunahesabu sehemu za miligramu.

2. Tikisa chupa ya sampuli kwa nguvu na umimine mara moja. Ukisita sekunde kumi, mchanga umeshatua chini na unapima kilichobaki juu.

3. Chuja kiasi kitakachoacha angalau miligramu 2.5 na kisichozidi 200. Kwa maji ya ziwa hiyo ni lita nzima au zaidi. Kwa maji ya mfereji, mililita 100 zinatosha, na hata kabla hazijaisha chujio litaanza kuziba.

4. Suuza chujio mara tatu, kila mara kwa mililita 10 za maji safi ya maabara. Wengi huruka hatua hii, na kwingine huenda wakaponea. Kwa maji ya Kivu hutaponea. Chujio lililolowa maji yenye karibu gramu moja ya chumvi kwa lita, likikaushwa bila kusuuzwa, linabaki na chumvi ambayo utaihesabu kuwa tope, na ziwa lenyewe lina tope kidogo sana kiasi kwamba kosa linaweza kuwa kubwa karibu sawa na jibu.

5. Kausha tena saa moja kwenye nyuzi 103 hadi 105, poza, pima. Rudia mpaka vipimo viwili mfululizo vipishane kwa chini ya miligramu 0.5.

Hesabu: uzito wa mwisho utoe uzito wa kwanza, kwa miligramu, kisha ugawanye kwa lita ulizochuja. Tuseme chujio lilikuwa gramu 0.0921, na baada ya mililita 100 za maji ya mfereji likawa 0.1786. Tofauti ni miligramu 86.5. Gawanya kwa 0.1: miligramu 865 kwa lita.

Kupima kwa mizani: vilivyoyeyuka

Yale maji yaliyopita kwenye chujio usiyamwage, ndiyo unayoyahitaji sasa. (Ila yatoe kabla ya kusuuza kwa hatua ya 4 ili yasichanganyike.) Chukua kibakuli cha kaure, kikaushe saa moja kwenye nyuzi 180, poza, pima. Mimina mililita 100 za maji yaliyochujwa, uyaache yakauke taratibu.

Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa pwani au nchi za chini, wanaokuambia uweke oveni nyuzi 98 ili maji yasichemke na kuruka nje ya kibakuli. Goma iko kando ya ziwa lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Huku kwetu maji huchemka karibu nyuzi 95. Ukifuata kitabu neno kwa neno yataruka, na kila tone linaloruka linaondoka na chumvi yako. Weka nyuzi 90, uwe na subira.

Yakishakauka, pandisha hadi nyuzi 180 kwa saa moja au zaidi. Poza kwenye desiketa, pima haraka, maana chumvi za magnesi hunyonya unyevu wa hewani na uzito unapanda ukiutazama. Rudia mpaka utulie. Tuseme kibakuli kitupu ni gramu 48.2137, na baadaye 48.3001. Tofauti ni miligramu 86.4, sawa na 864 kwa lita. Linganisha na maji ya mfereji hapo juu: 864 na 865. Ile meza yenye chupa mbili sikuitaja kwa mzaha.

Maji ya Kivu yana tabia moja itakayokuchanganya ukiwa na orodha ya madini kutoka maabara. Ukijumlisha madini yote yaliyopimwa moja moja, jumla inazidi kile kilichobaki kwenye kibakuli. Hakuna aliyekosea. Ziwa limejaa bikaboneti, na bikaboneti ikikaushwa kwa joto hugeuka kaboneti, ikitoa hewa ya kaboni dioksidi na maji. Karibu nusu ya uzito wake inapaa. Kwa hiyo kwa maji yetu, kukausha kifupi kunaacha kazi nusu. Mpe kibakuli muda mrefu kuliko vile ungempa maji ya mvua.

Nikiwa hapo kwenye chumvi: ukishuka chini ziwani, chumvi inaongezeka kwa ngazi, hadi karibu gramu 6 kwa lita kwenye kina cha mita 485. Maji hayo mazito ndiyo yanayobaki chini na kufungia humo ile gesi ya metani na kaboni dioksidi tunayoisikia kila siku. Lakini hakuna anayeteka bidoni huko.

Kama huna maabara

Unacho kitu ambacho miji mingi haina: wanunuzi wa dhahabu, na mizani yao inayosoma gramu 0.01. Mizani ya namna hiyo haitoshi kwa tope la ziwa, ila inatosha kwa chumvi yake. Chukua kisufuria chepesi cha alumini ambacho mizani inaweza kukibeba, kikauke vizuri, upime. Chuja lita moja ya maji kwa karatasi ya kahawa, kisha uyaongeze kidogo kidogo juu ya jiko la makala lenye moto mdogo, bila kuyaacha yachemke. Funika juu kwa kitambaa kilichoinuliwa kisiguse, la sivyo utapima jivu la makala. Mwisho kipashe zaidi mpaka ukoko ukauke kabisa, kipoe, ukipime. Kwa ziwa utapata karibu gramu 0.8 au 0.9. Makala ni ghali, najua. Fanya mara moja, ulinganishe na kipima cha mfukoni, na kuanzia hapo utajua namba yake ina thamani gani kwa maji yetu.

Kwa tope, mizani hiyo inafaa kwa maji ya mvua kubwa tu. Tumia karatasi mbili za kahawa: moja ya kuchujia, nyingine iloweshe kwa maji safi na uikaushe pembeni yake. Karatasi hunywa unyevu wa hewa, na ile ya pili ndiyo itakuambia imekunywa kiasi gani. Kile kilichoongezeka kwake, kitoe kwa mwenzake.

Kwa maji ya ziwa, tumia sahani ya Secchi, iliyopewa jina la Mwitaliano Angelo Secchi aliyeijaribu mwaka 1865. Kata duara la sentimita 20 kutoka kwenye kifuniko cha ndoo, ligawe robo nne, mbili nyeusi mbili nyeupe, ufunge jiwe la lava chini yake na kamba yenye alama kila sentimita 50. Mchana wa jua, upande wa kivuli wa mtumbwi, ishushe mpaka ipotee, andika kina, ivute mpaka ionekane, andika, chukua wastani. Beba kamba ya mita 10, maana Kivu linaona mbali.

Kusoma majibu

Kwa vilivyoyeyuka, Shirika la Afya Duniani linatazama zaidi ladha: chini ya miligramu 600 kwa lita maji huonekana matamu, juu ya 1,000 watu huanza kuyakataa. Maji ya ziwa yako katikati, ndiyo sababu chai yake ina uzito fulani na sabuni inasita kutoa povu. Kuyachemsha hakuondoi chumvi hiyo, wala kuyatia shabu. Shabu hukusanya tope na kulitua chini. Vilivyoyeyuka vinapita bila kuiangalia.

Kwa vinavyoelea, hofu iko kwenye vijidudu. Punje za udongo huvikinga dhidi ya klorini, kwa hiyo tua au chuja kwanza, tia dawa baadaye. Na kuna jambo la hapa kwetu: maji ya Kivu yana pH, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, karibu 9, na kwenye pH hiyo sehemu kali ya klorini inayoua haraka ni chini ya asilimia 5. Zile dakika 30 zinazotajwa kila mahali ni za maji yenye pH chini ya 8. Ukitia klorini kwenye maji ya ziwa, subiri zaidi ya hapo kabla ya kunywa.

Kipimo kidogo nacho kisikulevye. Mwezi Julai 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi hapa Goma na pembezoni, na hakuna kipima cha TDS kinachomwona mdudu wa kipindupindu. Maji ya mvua ya bati yatakupa 20 au 30, namba ya kupendeza, lakini mvua iliyopita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo inaweza kubeba floridi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, ile inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Floridi ya miligramu 3 ndani ya jumla ya 30 haionekani kwenye kifaa. Inataka kipimo chake.

Ukimaliza, kabla hujaosha kile kisufuria, kamulia ndimu juu ya ukoko mweupe. Ukoko wa maji ya ziwa utatoa povu, hiyo ni kaboneti ikirudisha hewa yake. Ukoko wa chumvi ya jikoni utanyamaza. Kisha sugua, suuza, ukirudishe jikoni, wenyewe wanakitafuta kwa ajili ya sombe.